Mwenye Laini

Kila asubuhi, kabla hatujafungua, nilikuwa nafuta simu za maonyesho. Zilikuwa sita, zimefungwa kwa kamba kwenye ubao, tupu ndani, hazina hata betri. Nilianza na ya kulia nikamaliza na ya kushoto, kisha nikapanga vocha chini ya kioo cha kaunta na kugeuza kalenda. Nilizipenda hizo dakika kumi na tano kwa sababu hakuna mtu aliyenisemesha. Siku ile nilikuwa kwenye simu ya nne wakati kiganja cha mtu kilipoupiga ule mlango wa kioo, mara mbili, halafu mlango ukafunguka. Mlinzi alikuwa ameuacha bila ufunguo akaenda kununua maandazi.

"V. Chilumba ni nani hapa?"

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge amekikaza kiunoni, miguu ina vumbi jekundu la barabara ya Madimba.

"Ni mimi, dada."

Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. "Wewe? Mtoto mdogo namna hii? Mimi nilidhani ni mwanaume. Nimekuja na matusi ya mwanaume, sasa sijui niyapeleke wapi."

Akaweka karatasi kwenye kaunta. Niliitambua kabla sijaisoma. Kurasa mbili zimebanwa pamoja, safu tano: tarehe, saa, dakika, namba, mnara. Mwezi mzima wa Oktoba, 2007. Chini kulikuwa na muhuri wa ofisi yetu na sahihi yangu ndogo, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi chuoni ili ifanane na ya mtu mzima.

"Mimi naitwa Somoe. Hiyo namba juu ni yangu," alisema. "Shule niliishia la saba, lakini kusoma najua. Nimeona neno Chuno hapa mara tisa. Nani alikutuma uandike nilikokuwa?"

"Siandiki mimi, dada. Mashine inaandika yenyewe. Ukipiga simu, au ujumbe ukiingia, kampuni inajua simu yako imeshika mnara gani."

"Inajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoiwasha."

"Na hamkusema."

Tulikuwa na vipeperushi mlangoni, vina picha ya familia inacheka na simu moja, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja kuhusu minara.

"Hii ni kampuni ya simu au ya mashushushu?" Somoe aliuliza. Hakungoja jibu. Alinieleza kwa maneno machache, kama mtu aliyekwisha kuyasema mengi njiani. Mume wake, Shafii Ausi, ni karani bandarini na analala mjini siku za kazi. Yeye yuko Madimba na mikorosho na mtoto wao Husna, miaka saba. Shafii alikuwa ameisoma ile karatasi mbele ya wenzake bandarini, halafu mbele ya mama yake, na hii ni nakala aliyompelekea yeye. Anasema mke wake ana bwana huko Chuno, mtaa wa mjini. Jumamosi, baada ya Alasiri, kuna kikao Magomeni ya hapa mjini kwa kaka yake Bakari. Kikiikubali karatasi, atatoa talaka na Husna atapelekwa Lindi kwa bibi yake mzaa baba.

"Amewaambia hahitaji shahidi," alisema. "Shahidi ni wewe na muhuri wako."

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akatoka. Simu mbili za mwisho sikuzifuta.

*

Shafii alikuja kwangu wiki mbili kabla ya hapo. Nakumbuka vizuri kwa sababu alikuwa mpole. Wateja wengi wa wakati ule walisema nasi kama tunawaibia, lakini yeye alisimama pembeni akangoja foleni iishe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitoa mfukoni ile kadi ya plastiki inayouzwa pamoja na laini, yenye namba za siri za kufungulia, akaiweka mbele yangu kwa heshima.

"Dada, naomba orodha ya simu za mke wangu. Laini nilimnunulia mimi. Kadi hii hapa."

Miaka ile laini hazikuandikishwa kwa jina la mtu. Utaratibu wa ofisi ulikuwa mmoja: mwenye kadi ndiye mwenye laini. Na msimu wa korosho wanaume wengi waliwanunulia wake zao simu, wakawapa simu na wenyewe wakaweka kadi kwenye sanduku. Nilijua hivyo. Nilisikia kabisa aliposema za mke wangu. Lakini fomu ilikuwa na nafasi moja tu, Mmiliki, na mimi nikaandika Shafii Ausi, kwa sababu kumwambia hapana mtu mzima aliyekaribia kulia kulinishinda. Nilimwonea huruma. Nilimgongea muhuri kwa huruma, nikamwambia pole.

Nilipomweleza meneja wetu, Gaudensi, kwamba Somoe amekuja, hakuinua macho kwenye kompyuta yake.

"Na Shafii naye amenipigia jana usiku," alisema. "Kaka yake anataka mtu wa simu aende kwenye kikao athibitishe. Utaenda wewe."

"Nithibitishe nini?"

"Kwamba karatasi ni ya kweli na imetolewa kwa mwenye laini. Dakika tano, unarudi nyumbani."

"Lakini laini ni ya mke, bosi."

"Kadi ilikuwa kwa nani?"

"Kwa mume."

"Basi." Sasa alinitazama. "Vero, sikiliza. Jenereta za minara yetu zinapita bandarini kwa mikono ya Shafii. Zikikaa pale wiki mbili, nusu ya mkoa haina mtandao, na mimi ndiye ninayepigiwa simu kutoka Dar. Ulifuata utaratibu. Ukienda kule ukaanza kulialia na kusema ulikosea, umeiambia Mtwara nzima kwamba ofisi hii inatoa siri za watu."

"Si ndiyo tunazitoa?"

Ilinitoka kwa sauti ndogo sana. Nadhani hakuisikia, au aliisikia akaamua kunipa nafasi ya kuimeza.

"Ukisema vingine, Jumatatu usije," alisema. "Wako wenye diploma kama yako wanauza vocha barabarani."

*

Jioni ile nilifanya jambo ambalo nililiita msaada. Gaudensi alikuwa ametoka. Neno lake la siri lilikuwa limeandikwa chini ya kibodi, kila mtu ofisini alilijua. Niliifungua namba ya Somoe, nikaisoma mstari kwa mstari nikitafuta pa kumwokolea.

Nikapaona. Kila Jumatatu simu iliondoka Madimba, ikakaa Chuno hadi Jumatano. Siku zote hizo haikupiga hata mara moja. Ilipokea ujumbe tu. Madimba wakati ule haikuwa na umeme, na Chuno ilikuwa na vibanda vya kuchajia kila kona. Ili niwe na hakika, nilichukua namba tatu alizozoea kuzipigia, nikazifungua nazo. Zote tatu zilikuwa Chuno siku zile zile. Zilisafiri pamoja, zikalala pamoja, zikarudi pamoja. Nilicheka peke yangu mle ofisini. Wanawake hawakwenda popote. Simu zao ndizo zilizokwenda mjini.

Kulikuwa na mstari mmoja tu ambao haukukaa sawa. Tarehe kumi na tisa, Ijumaa, saa nne asubuhi, mnara wa Mikindani. Simu ilipiga, ikaongea dakika kumi na moja. Niliweka mshale juu ya ile namba iliyopigwa. Mbofyo mmoja ungenipa jina la mnara wa yule aliyepokea, na mingine michache ingenipa maisha yake ya mwezi. Nilikaa hivyo kwa muda. Halafu nikazima, si kwa sababu ya wema, bali nilisikia mlinzi anakohoa.

Somoe alirudi Alhamisi kuuliza kama nitafika kwenye kikao. Nilimvuta pembeni, karibu na simu zile tupu, nikamwambia kwa furaha, kwa kunong'ona, kwamba nimepata dawa. Nilimweleza kuhusu Chuno, vibanda na simu za jirani zilizosafiri pamoja na yake. Nilitegemea uso wake ufunguke.

"Umeangalia tena?" aliuliza.

"Nilitaka kukusaidia."

"Mimi sijui kwamba simu yangu inachajiwa Chuno? Ninayempa mwenye pikapu ya muhogo ni nani, si mimi? Kila Jumatatu anakusanya simu zetu kwenye mfuko wa sukari. Hilo nitalisema mwenyewe, sikukuomba unitafutie." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Na umejuaje kwamba tuko wengi?"

Nikaanza kuifuta kwa kidole simu moja ya maonyesho.

"Umemfungua na Rehema?"

"Dada..."

"Umemfungua Rehema. Na nani mwingine? Na mama Zainabu? Yule bibi kizee anayempigia mtoto wake Newala kuomba dawa, naye umemsoma?" Wateja kwenye foleni waligeuka. "Mume wangu ana wivu, najua ugonjwa wake. Wewe unaumwa nini?"

Nilitaka aondoke, na wakati huo huo nilitaka anisamehe, na katika kuhangaika nikasema neno baya kuliko yote.

"Ila kuna ile ya Mikindani, dada. Tarehe kumi na tisa. Ile watakuuliza."

Hasira ilimtoka usoni, ikaja kitu kingine, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Hiyo nayo umeiona," alisema taratibu. "Haya. Sasa mko wawili."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumamosi usije kunitetea. Hunijui. Wewe njoo useme tu karatasi ile uliitoa kwa nani, na ilikuwa ya nani. Hilo ndilo lako."

*

Nyumba ya Bakari ilikuwa na sebule ndefu yenye makochi ya kitambaa cha bluu. Wanaume walikaa kwenye makochi, wanawake wawili watatu kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, Somoe kati yao. Mimi nilipewa kiti cha plastiki katikati, kama mtu anayekuja kupigwa sindano. Bakari alifundisha madrasa na alipenda mambo yaende kwa mpangilio. Alikuwa na daftari na saa mbele yake, na alituambia mara mbili kwamba anataka kumaliza kabla ya Magharibi.

"Tuanze na kanuni," alisema. "Hapa kwangu hatusomi barua ya mtu iliyofunguliwa na mwingine. Shafii, hii karatasi ni yako?"

"Ni yangu, kaka. Laini ni yangu, kadi ni yangu. Ofisi imeandika mmiliki Shafii Ausi. Na huyu hapa dada wa simu, aliyeandika."

"Vizuri. Binti tutamuuliza mwisho. Soma."

Shafii alisoma. Ule upole wa kaunta haukuwepo tena. Alisoma Chuno, Chuno, Chuno, akipiga karatasi kwa kidole kila mara, na kila mara mjomba wake aliguna.

"Tisa," alimaliza. "Usiku na mchana. Mimi nahesabu mizigo ya watu bandarini, yeye analala Chuno."

"Nani analala Chuno?" Aliyeuliza alikuwa mzee Sudi, mjomba wa Somoe, aliyeletwa na ile ile pikapu ya muhogo asubuhi. "Simu za Madimba zote zinalala Chuno. Zinakwenda kuchajiwa. Hii yangu ilikuwa huko Jumanne. Sasa na mimi mnipe jina la huyo bwana wangu, nimjue."

Watu walicheka, hata Bakari aliinamisha kichwa juu ya daftari. Mwanamke mmoja kwenye mkeka alisema, "Mzee Sudi na umri huu," na kicheko kikaanza upya. Shafii hakucheka. Shingo yake ilikuwa imevimba.

"Binti," Bakari alisema, "hili linawezekana?"

"Linawezekana," nilisema.

"Sauti, mwanangu. Hujaja kutusalimia."

"Linawezekana, mzee. Karatasi inaonyesha simu ilipokuwa. Haionyeshi mtu."

Bakari aliandika. Kwa kitambo kidogo niliamini kwamba yamekwisha na sitahitajika kusema zaidi, kwamba Jumatatu nitafuta simu zangu kama kawaida. Niliona Somoe hakuwa ameinua uso hata wakati watu wanacheka.

"Ukurasa wa pili," alisema Shafii. Alikuwa ameungojea huo. "Tarehe kumi na tisa. Saa nne asubuhi. Mikindani. Amepiga, ameongea dakika kumi na moja. Simu ikiwa kwenye chaji inajipigia yenyewe? Mzee Sudi, na hii unasemaje?"

Mzee Sudi aliirudisha simu yake mfukoni. Akageuka kwenye mkeka.

"Mikindani ulifuata nini, mama?"

Somoe alinyoosha kitenge magotini.

"Nakuuliza mimi, mjomba wako. Siku ile uliniambia unakwenda kuokota korosho za shamba la juu."

"Ndiyo, nilikuambia hivyo."

"Ulikwenda Mikindani?"

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Sisemi."

Mama yake Shafii, aliyekuwa amejitanda hadi kwenye pua, alisema kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu amekaa nyumba moja na mtu asiyemjua." Mwingine akasema asiyekuwa na kitu hafichi kitu. Shafii aliketi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda na bado anaumia.

"Somoe," Bakari alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba, "hapa ni ndani. Sema tu. Kama ni hospitali, sema hospitali. Kama ni ndugu, sema ndugu. Tukusamehe twende."

"Nikisema leo Mikindani, kesho mtaniuliza Ziwani, keshokutwa mtaniuliza kisimani. Sisemi."

"Hata kama Husna anakwenda Lindi?" Shafii aliuliza.

Alilikamata pindo la kitenge chake. Nilikuwa karibu, niliona. Lakini hakusema. Hata leo sijui alikwenda Mikindani kufanya nini. Nimewahi kukisia mambo mengi, mengine ya huzuni na mengine ya kawaida kabisa, na kila nikikisia najiona tena nimekaa mbele ya ile kompyuta.

Bakari alitazama saa, akafunga kalamu. "Basi. Mtu akikataa kusema, karatasi inasema badala yake. Kimebaki kimoja tufunge." Akanigeukia. "Binti, nilisema mwanzo hatusomi barua ya mtu mwingine. Ikiwa hii haikuwa halali ya Shafii, naichana hapa hapa na kikao hakina kitu. Ikiwa ni yake, inabaki, na tutamwandikia talaka yake leo. Ofisi yenu imeandika mmiliki ni Shafii Ausi. Ndivyo?"

Wote walinitazama. Shafii alinipa ule uso wa kwanza, mpole, wa mtu anayesubiri foleni iishe. Nilimfikiria Gaudensi. Niliwaza chumba changu cha kupanga Magomeni hiyo hiyo, barabara mbili kutoka pale, na mama yangu Masasi anayewaambia majirani kwamba mtoto wake yuko kampuni ya simu. Somoe peke yake hakunitazama. Alikuwa anakunjua na kukunja pindo la kitenge.

"Si yake," nilisema.

"Hatusikii," alisema mtu nyuma.

"Anasema ni yake," mwingine akamjibu.

Nikasimama. Sijui kwa nini, sikuwa nimepanga. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yangu na hakuna aliyekiinua.

"Nimesema si yake. Yeye alinunua kadi tu. Laini ni ya Somoe, na nilijua ni ya Somoe, kwa sababu shemeji Shafii alikuja kwangu akasema nataka za mke wangu, kwa maneno hayo hayo, na mimi nikashika kalamu nikaandika mmiliki ni yeye. Niliandika uongo. Sahihi ni yangu. Nimechukua mwezi mzima wa mtu, alipokwenda na alipolala, nikampa mwingine bila kumuuliza mwenyewe, kisha nikarudi nikausoma tena mimi, na wa majirani zake watatu, nikijiambia ninamhurumia. Huo ni wizi, mzee, na mwizi ni mimi na ofisi yangu, si yeye. Na huko Mikindani alikwenda. Ni kweli alikwenda. Alichofuata ni chake. Mimi sina haki ya kukijua, na wewe shemeji huna, na kikao hiki hakina."